Talaka ya Ndugu Wawili

Kwa miaka mitatu Léocadie Barakamfitiye alikuwa mke wa kaka yake. Kwa karatasi tu, msiniangalie hivyo. Wale wawili waliopanga chumba kimoja pale Mengo, dada kitandani na kaka kwenye mkeka nyuma ya pazia, walikuwa watoto wa baba mmoja na mama mmoja, waliokulia Bujumbura katika mtaa wa Waswahili. Lakini kadi ya wakimbizi ilisema mume na mke, na Kampala ya miaka ile kadi iliaminiwa kuliko mwenye kadi.

Kosa lilikuwa la karani, na kidogo lilikuwa lao. Kwao Burundi mtoto harithi jina la baba. Kila anayezaliwa hupewa la kwake, kulingana na yale wazazi waliyokuwa nayo moyoni siku ile, na unaweza kukuta nyumba moja ina watoto saba na majina saba yasiyofanana hata kidogo. Hakuna anayeshangaa. Basi mwaka wa sabini na mbili Zéphyrin aliponea chupuchupu siku wenzake chuoni walipoitwa kwa majina na kupakiwa kwenye malori wakauawe. Akamchukua dada yake, wakatembea kwa wiki kadhaa, wakavuka mipaka miwili hadi Uganda, wakajipanga foleni ya kuandikishwa. Karani akauliza majina. Zéphyrin Ntirampeba. Léocadie Barakamfitiye. Karani akainua macho.

"Ndugu gani hawa hawana hata jina moja la baba? Huyu ni mke wako, unaona haya tu."

Akaandika. Zéphyrin alitaka kukanusha. Ng'ambo ya uwanja alikuwa ameliona banda walikopelekwa wasichana waliokuja peke yao, na askari waliokaa mlangoni wakivuta sigara na kuchagua kwa macho. Akamshika dada yake mkono, akasema, "Ndiyo, mzee, ni mke wangu." Siku ile uongo huo ulimwokoa Léocadie, na hilo hata yeye hajawahi kulikana.

Kilichowafanya wachukiane kilikuja baadaye.

Mwaka wa sabini na nne Zéphyrin alipata barua kutoka chuo kikuu kimoja cha Kanada. Wanafunzi wa huko walikuwa wakichangishana wao kwa wao ili kila mwaka wamlete mkimbizi mmoja asome pamoja nao. Zéphyrin alikuwa amebakiza mwaka mmoja awe mhandisi pale alipolazimika kukimbia, na mtihani waliomletea aliufanya kama mtu anayemenya ndizi. Likabaki sharti moja: asiwe na mke. Nafasi ni ya mtu mmoja na kitanda ni kimoja. Akarudi nyumbani mbio, akamwambia Léocadie, twende tukaachane.

Kusema ukweli hakukuwezekana. Hippolyte, Mrundi mwenzao aliyekaa chumba cha pili, alikuwa amekwenda ofisini kusahihisha uongo mdogo wa umri kwenye kadi yake. Wakamwambia ameidanganya serikali, wakamtia kwenye lori la mpakani siku hiyohiyo, na habari zake zikaishia hapo. Talaka lakini ilikubalika. Watu huachana kila siku, hata majenerali.

Léocadie alikataa. Mke aliyeachwa hufutwa kwenye kadi ya mume, na msichana wa miaka ishirini na moja asiye na kadi wala mwanamume, katika mji ule, mwaka ule, alikuwa kitoweo. Alimwambia kaka yake maneno hayohayo. Zéphyrin alimsihi kwa wiki mbili, na siku ya mwisho akapiga magoti sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mbele ya padri. Léocadie akatikisa kichwa. Nafasi ikaenda kwa kijana mwingine. Tangu hapo Zéphyrin akawa fundi wa redio kibandani Kalerwe, na kila jioni alirudi akala chakula akiwa amempa dada yake mgongo. Rukiah, mwenye nyumba, ambaye masikio yake yalikaa ukutani zaidi kuliko kichwani, aliwaambia wapangaji wengine kwamba bwana na bibi wale wataishia kuuana, na ni kwa sababu hawana mtoto.

Halafu, Agosti ya sabini na tano, barua ikaja kwa jina la Léocadie. Chuo kilekile.

Alikuwa amejaza fomu kimyakimya. Alikuwa amemaliza kidato cha sita kwa masomo ya jioni, amefaulu, na pale penye swali la ndoa aliandika "hajaolewa". Sasa kamati iliyowakilisha chuo hapa Kampala ilitaka karatasi ya kuthibitisha hilo. Mwisho ulikuwa Ijumaa, na ndege Jumamosi. Jumatatu jioni Léocadie alipiga moyo konde, akaiweka barua kando ya sahani ya Zéphyrin.

Zéphyrin aliisoma, akaikunja, akaendelea kula.

"Nataka twende kwa sajini wa ofisi ya wakimbizi, tukaachane," Léocadie alisema.

"Mimi ulinijibuje?"

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi naogopa. Nani atanipikia?"

Alisema hivyo bila kutabasamu, na Léocadie alijua kwamba hayo ndiyo malipo yake na kwamba yamesubiriwa mwaka mzima. Jumanne alimwambia tena. Zéphyrin akawasha redio ya mteja. Jumatano alilia, na Zéphyrin akamwambia apunguze sauti kwani Rukiah hajalipia kiingilio. Usiku ule Léocadie alimchukia kaka yake kwa roho safi kabisa, jinsi mtu anavyomchukia aliye na haki.

Alhamisi asubuhi alimkuta Zéphyrin amevaa shati jeupe, la mahojiano ya mwaka jana.

"Twende," Zéphyrin alisema. "Lakini kule nitasema yote niliyonayo, na wewe utasikiliza."

Ofisi ya wakimbizi ilikuwa na karani wa kiraia, ila tangu mwaka uliotangulia mwenye muhuri alikuwa mwanajeshi, Sajini Kamis. Alikuwa mnene, mtaratibu, na bastola yake aliiweka mezani juu ya mafaili ili yasipeperuke.

"Nyinyi mbili nataka nini?"

"Talaka, afande," alisema Zéphyrin.

"Mimi hapana mjinga." Kamis aliivuta kadi yao karibu. "Juzi watu nakuja hapa, bwana na bibi, nasema naachana, huku nacheka. Kumbe bibi iko na barua ya Ulaya. Sasa iko jela ya Luzira, bwana na bibi. Wewe bibi, iko na barua ya Ulaya?"

Kukana kusingesaidia, barua zote za ng'ambo zilipitia ofisi ile.

"Ninayo," Léocadie alisema.

"Basi. Luzira iko na nafasi." Akamgeukia Zéphyrin. "Bwana, bibi yako nakosa nini? Sema. Kama hii maneno ni ya kudanganya, mimi najua."

Zéphyrin hakumtazama sajini. Alimgeukia dada yake, na Léocadie aliona kwamba hakukuwa na maigizo yoyote pale.

"Huyu," alisema, "nilimlisha mimi. Njia nzima tangu Burundi nilimpa yeye maji kwanza. Tulipofika hapa nilibeba magunia sokoni ili yeye aende shule. Mwaka jana nilimwomba kitu kimoja. Kimoja tu. Nilipiga magoti. Alinitazama kama anavyomtazama mwombaji barabarani, akasema hapana. Kila asubuhi nikiamka namwona amelala, na ninatamani ningemwacha kule mpakani."

"Ungeniacha nifanyweje?" Léocadie alisema. Alikuwa ameapa kunyamaza, lakini kiapo kilimshinda. "Wewe ulikuwa unaondoka Jumamosi. Mimi Jumapili ningekuwa nani? Ulifikiria hata siku moja? Ulileta karatasi ukasema tia sahihi, kana kwamba unauza baiskeli."

"Ningekuita baadaye."

"Ungeita maiti."

"Na mimi nimekuwa nini mwaka huu mzima? Unaniona ninavyokaa Kalerwe natengeneza redio za walevi, na jioni unanipikia maharage kana kwamba maharage yatanirudishia chuo. Kisha unakwenda kwa siri, unaomba nafasi yangu. Ileile. Hukuona hata haya ya kutafuta chuo kingine."

"Hakuna chuo kingine! Na Mama alikuambia unilinde, hakukuambia—"

Akajikatiza. Sajini Kamis aliinua kidole kimoja kutoka mezani.

"Mama ya nani?"

Palikuwa na mama mmoja tu, na kwa neno moja Léocadie alikuwa amewafichua wote wawili.

"Mama yangu," Zéphyrin alisema, bila haraka. "Alimpenda mkwe wake huyu kuliko alivyonipenda mimi. Alikosea."

Kamis aliwatazama, huyu na yule, kwa zamu. Walikuwa wanahema kama waliotoka kupigana, na machoni mwao hapakuwa na huruma hata ya kuazima. Taratibu uso wa sajini ukalainika. Yeye mwenyewe alikuwa na wake watatu, na sauti zile alizijua.

"Sasa hii ni bwana na bibi," alisema kwa furaha. "Wale wa juzi hapana jua kugombana."

Akapiga muhuri, akachukua kalamu, akalifuta jina la Léocadie kwenye kadi kwa mstari mmoja mnene. Akamtupia karatasi ya talaka. Kisha akamwambia Zéphyrin atafute bibi mwingine, mnono, asiyejua kusoma.

Barabarani Léocadie alitembea ubavuni mwa kaka yake akiogopa kila gari lililopunguza mwendo, maana sasa hakuwa na kadi yoyote. Alingoja Zéphyrin aseme neno. Alitaka aseme kwamba yale yalikuwa ya kumridhisha sajini tu. Hata angedanganya, angemshukuru.

"Ulisema vizuri," alijaribu. "Aliamini."

"Kwa nini asiamini?" Zéphyrin alisema, akaongeza mwendo.

Kamati ilikuwa na chumba kimoja kidogo huko huko Mengo. Mwenye kukisimamia alikuwa Joska Aloyo, Mwacholi wa makamo, mke wa askari polisi aliyeitwa kazini siku moja isiyo ya zamu yake na hakurudi. Mama Joska alikuwa na huruma, lakini huruma yake ilifuata fomu mstari kwa mstari. Alimtaka Zéphyrin akae kwenye benchi, awe shahidi kwamba hana madai juu ya mwanamke. Zéphyrin akasema hana. Akatia sahihi. Karatasi ya talaka ikabaki wazi juu ya meza, na jina kamili la Zéphyrin limeandikwa kwa herufi kubwa.

"Sasa hii ya mwisho," Mama Joska alisema, akamsogezea Léocadie fomu na kalamu. "Ndugu zako walio hai. Kaka, dada. Sikiliza vizuri, binti, kwa sababu wengi hujaza hapa ovyo halafu wanakuja kulia. Ukishakaa miaka miwili kule, chuo kinakuruhusu kumwombea ndugu yako mmoja naye aje. Ndugu wa damu tu. Aliyekuwa mume hapana, hata awe malaika. Na ambaye hukumwandika leo, huwezi kumwandika kesho."

Léocadie aliishika kalamu. Hilo hakulijua. Alimtazama Zéphyrin, na Zéphyrin naye alikuwa ameacha kutazama sakafu. Kumbe naye ndiyo kwanza analisikia. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu waondoke kwa sajini. Nafasi ya Zéphyrin ilikuwa pale, mstari mtupu wenye urefu wa kiganja. Na kando yake ilikaa talaka yenye jina lilelile. Jina moja kwenye karatasi zote mbili, na wote wawili wangelala Luzira kabla ya jua kuzama.

Angeweza kuchana ile talaka na kuiacha safari. Hilo nalo lilimpitia kichwani, tusimnyime haki yake. Lilipita, likaenda zake. Aliitaka ndege ya Jumamosi. Aliitaka hata sasa, huku kaka yake akimtazama, na aliona aibu jinsi alivyoitaka.

"Sina," alisema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mama."

Mama Joska alikunja uso. Alikuwa ameona wengi walioficha ndugu kwa hofu, na hakutaka msichana huyu ajiponze. Akamgeukia mwanamume wa kwenye benchi.

"Wewe umeishi naye. Ni kweli hana ndugu?"

Zéphyrin aliitazama talaka mezani, kisha dada yake. Neno moja tu lingetosha kumkosesha ndege, na haki ya kulisema neno hilo alikuwa nayo.

"Alikuwa na kaka," Zéphyrin alisema.

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

"Pole, binti. Lakini fomu inataka mwaka. Alikufa kwenye yale ya sabini na mbili?"

"Hapana," Zéphyrin alisema. "Yale aliyapona. Alikufa mwaka jana."

Mama Joska alimwonyesha Léocadie kwa kidole mahali pa kuandika mwaka, na Léocadie akaandika.