Tozo ya Makalio

Mwandishi wa sheria katika wizara ya fedha alikuwa na wifi mmoja tu, dada wa mumewe, na huyo mmoja alitosha kwa wanne. Wifi alikodisha viti vya plastiki na maturubai. Mtaani hakuna aliyeoa, aliyefiwa wala aliyedanganya wapigakura bila kupitia kwake.

Mwaka huo bajeti ilipwaya. Waziri, ambaye watumishi walimwita Papo kwa Papo akishawapa mgongo, alimwita mwandishi ofisini.

"Nataka kanuni. Kila kiti cha kukodi kinachokaliwa kilipiwe. Ianze Jumatatu."

"Mheshimiwa, hiyo ni kodi. Katiba inasema kodi hutungwa na Bunge. Kanuni yako inaweza tu kutekeleza sheria iliyopo, na hii haipo."

"Basi tusiiite kodi. Tuiite mchango."

"Ukimwita mbuzi kondoo, hatatoa sufu."

"Bunge lina maneno mengi. Andika."

Akaandika. Kanuni ikatangazwa kwa jina la Mchango wa Huduma ya Ukaaji. Kabla jua halijazama, watu walishaipa jina lake halisi: tozo ya makalio.

Wifi hakubisha hodi.

"Wifi yangu! Nimekukosea nini hadi unitume nikahesabu matako ya watu harusini?"

Mume akajifanya anatafuta rimoti, ambayo alikuwa ameishika.

"Kazi ni kazi, wifi."

"Na kesi ni kesi. Tutaonana mahakamani!"

Hakuwa akitania. Wakodishaji wenzake walichanga, wakaweka wakili, wakafungua kesi. Siku ya kusikilizwa, mwandishi aliketi nyuma ya wakili wa serikali. Wifi alikaa upande wa pili, amevaa kama anayekwenda kuozesha, na hakumtupia hata jicho.

Jaji, mama wa makamo aliyeonekana kusinzia, alifungua jicho moja.

"Kanuni inasema kiti 'kinachokaliwa'. Mtoto akipakatwa je?"

Wakili wa serikali akageuka kumtazama mwandishi. Mwandishi akatazama dari.

"Ni... kiti kimoja, Mheshimiwa Jaji," wakili akabahatisha.

"Na bibi harusi anayecheza mwanzo hadi mwisho?"

"Nadhani yeye ana msamaha."

"Unadhani."

Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji akangoja kitulie, na sasa hakuwa na usingizi hata kidogo.

"Serikali haikatazwi kutafuta fedha. Inakatazwa kuzitoa mifukoni mwa watu kabla wawakilishi wao hawajakubali. Mnachotoza kwa lazima ili kujaza hazina ni kodi, hata mkikibatiza jina la malaika."

Kanuni ikafutwa. Wifi alipiga vigelegele hadi askari wa mahakama akamtoa nje. Mwandishi, ambaye kwa haki alikuwa ameshindwa, alishangaa kujikuta anatabasamu nyuma ya kiganja.

Waziri hakutabasamu.

"Ulijua tutashindwa?"

"Nilikwambia, Mheshimiwa."

"Ungeniambia kwa sauti zaidi!" Akanywa maji, kisha akanywea. "Sasa tufanyeje?"

"Tupite mlango wa mbele. Peleka muswada bungeni."

Akapeleka. Kamati ya Bunge ikaita wananchi watoe maoni, na wifi akayatoa hadi mwenyekiti akaomba panadoli. Viti vya misiba vikaondolewa, kiwango kikakatwa nusu. Kisha wabunge wakaitikia "ndiyooo", na tozo ikawa sheria.

Jioni hiyo wifi alikuja tena. Safari hii alibisha hodi.

"Si tulishinda?"

"Mlishinda."

"Mbona nalipa?"

"Unalipa nusu, na misibani hulipi kabisa. Tena sasa unawajua waliokutoza, mmoja mmoja. Na uchaguzi unakuja."

Wifi akaanza kuhesabu kitu vidoleni, jambo lililomtisha sana kaka yake.

"Mbunge wangu naye alisema ndiyo?"

"Alizidi wote kwa sauti."

"Ana mkutano Jumamosi. Viti amekodi kwangu." Akanyanyuka, akatia mkoba kwapani.

"Unakwenda wapi, wifi? Chakula kinaiva."

"Stoo. Kuna kile cha jukwaani kilichopasuka mguu. Nataka nikipanguse vumbi."