Mama Mkwe Ametoka Kidogo

Siku ambayo Setsuyo aliitia rimoti ya televisheni ndani ya pipa la achari, akaifunika kwa majani na chumvi na kuiwekea jiwe juu yake, mkwe wake Chizuru aliitafuta nyumba nzima. Alipoipata, imelowa chapachapa na inanuka siki, alikaa chini palepale kwenye sakafu ya jikoni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Katikati ya kucheka akagundua kwamba analia kweli.

"Umeitoa ya nini?" Setsuyo alimuuliza, amesimama juu yake na aproni yake ya bluu. "Subiri mpaka masika. Bado haijakolea."

Setsuyo alikuwa na ugonjwa wa kusahau, na tangu baridi ya mwaka uliopita ulikuwa umeshika kasi. Zamani aliuza achari mbele ya stesheni ya Iida, mwanamke wa ulimi mkali ambaye wateja walirudi kwake kwa ajili ya matusi yake kuliko kwa ajili ya figili zake. Sasa kuna wakati alikaa dirishani akitazama milima, ukimsemesha hajibu. Mwanawe Yasuhiko, mume wa Chizuru, akimkuta hivyo husema tu, "Mama ametoka kidogo, atarudi," kisha huvaa kofia yake akaenda kutengeneza matrekta ya watu. Mchana kutwa nyumbani walibaki wawili, mama mkwe na mkwe wake.

Mchana ule, Setsuyo alipojinyoosha kulala, Chizuru alichukua penseli akachora kisa cha rimoti. Shuleni alikuwa mchoraji mzuri, lakini tangu aolewe hakuwahi kuchora chochote zaidi ya ramani ya kumwelekeza mgeni. Alichora visanduku vinne, na katika kile cha mwisho akaweka maneno yale yale ya mama mkwe wake. Kisha akakitazama akacheka tena, safari hii bila kulia. Kesho yake akachora kisa kingine.

Hakuwaza kumpelekea mchapishaji. Michoro ilipokuwa mingi, aliibeba hadi kwenye duka la jirani na kituo cha mafuta, lile lenye mashine ya kopi, akatoa kopi, akazikunja, akazibana kwa stepla. Kwenye jalada aliandika: *Mama Mkwe Ametoka Kidogo*. Alivishika vile vijitabu, bado vina joto la mashine, akajisikia kama mtu aliyetoka tanurini na mkate.

Alikuwa amesikia kwamba Nagoya kuna tamasha la watu wanaojichapishia vitabu vyao wenyewe, kila mtu anapewa nusu meza. Akamwacha Setsuyo kwenye kituo cha kutunzia wazee, akapanda basi. Asubuhi nzima watu walipita mbele ya meza yake kama wanaopita mbele ya mlango wa choo, macho wameyaelekeza kwingine. Mchana alisimama mwanamke mmoja wa makamo mwenye koti la kijani, akafungua kijitabu, akacheka, akafungua ukurasa mwingine, kisha akajiziba mdomo kwa mkono.

"Dada, haya ni ya kweli?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Mimi ni nesi, idara ya wazee. Ndugu zao wanakaa pale barazani wamenuna kama msibani. Nikitoa kopi nikawawekea mezani, utanikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa nini? Mimi nilishaona hata bure hakuna anayekitaka."

"Niandikie basi, wakubwa wangu wasije wakanisumbua."

Chizuru akageuza kijitabu akaandika nyuma yake: *Hiki ni chako. Toa kopi, mpe mwingine.* Alipoyasoma maneno yale akayapenda. Akayaandika kwenye vijitabu vyote vilivyobaki, akavigawa, na aliporudi nyumbani akaziweka kurasa zote mtandaoni zikiwa na maneno yale yale.

Basi vikaanza kutembea. Kinyozi wa Toyohashi alimwandikia kwamba kipo kwenye benchi la wateja wake, kimechakaa mpaka amekiunga kwa gundi. Kijana mmoja wa Okinawa aliyabadilisha maneno yote kuwa ya lugha ya kwao, na mama mkwe akamfanya babu. Chizuru alifurahi kama mama anayeona mtoto wake anasalimiwa njiani na watu asiowajua yeye. Mumewe Yasuhiko alikuwa amemwambia kwa juu juu tu kwamba yeye Chizuru anachora, naye akasema vizuri. Zaidi ya hapo hakuuliza, naye Chizuru hakumwonyesha.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Mikiko, dada mkubwa wa Yasuhiko, aliyeolewa Nagoya.

"Chizuru."

"Wifi, habari za siku nyingi. Shemeji macho yake yanaendeleaje?"

"Achana na macho ya shemeji yako. Nimempeleka hospitali leo, nimekaa barazani namsubiri. Mwanamke pembeni yangu anacheka peke yake. Nachungulia, namwona mama yangu mzazi anatia rimoti kwenye achari." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Chizuru. "Mtu simjui hanijui, anamcheka mama yangu."

"Jina lake sijaandika popote, wifi."

"Jina la nini? Aproni ile nilimshonea mimi."

Chizuru akahamishia simu sikio la pili.

"Na humu kuna mhuri wa tamasha la Nagoya. Kwa hiyo ulikuja mpaka mjini kwangu, ukagawa aibu ya mama yangu barabarani, ukarudi zako bila hata kuja kunywa chai. Jumapili nakuja."

Jumapili Yasuhiko alikwenda kumpokea kwenye kituo cha basi. Chizuru alikuwa ameponda wali, ameuchoma kwenye vijiti na kuupaka miso, rojo tamu la soya lenye kokwa za jozi, chakula ambacho Mikiko alikipenda tangu utotoni. Mikiko hakukigusa. Alimsalimia mama yake, na mama yake akamjibu kwa adabu nyingi akamuuliza kama gari la kituo limeshafika, maana alidhani ni mhudumu. Mikiko alikaa, akatoa kijitabu kwenye mkoba, akakiweka katikati ya meza.

"Kiondolewe," alisema.

"Mtandaoni naweza kuondoa leo hii," Chizuru alisema. "Vya karatasi ndiyo siwezi, wifi. Sijui viko wapi. Wanatoa kopi wao kwa wao."

"Si ndivyo ulivyoandika? Toa, mpe mwingine. Kazi yako ugawe utakavyo, sina neno. Lakini mama si wa kugawa."

Chizuru aliinamisha kichwa. Neno hilo alikuwa ameshajiambia mwenyewe, siku moja akiwa anakunja karatasi. Alijituliza kwa kusema kwamba mama mkwe hata akiulizwa hataelewa, kwa hiyo hakumuuliza. Na kwa Mikiko hakupiga simu kwa sababu alijua jibu lake.

Yasuhiko alikuwa amekichukua kijitabu, anakisoma kwa mara ya kwanza. Alisoma polepole kama anavyosoma kitabu cha mashine, hakucheka wala hakukunja uso. Alipomaliza akasema, "Mwenyewe si yupo hapa? Aulizwe."

"Aulizwe mama?" Mikiko alimgeukia. "Mama ambaye sasa hivi ameniita mhudumu?"

"Aulizwe hivyo hivyo."

Akaenda mwenyewe, akapiga magoti mbele ya kiti cha dirishani, akampa. Setsuyo alivaa miwani. Alifungua, akaangalia kwa muda mrefu ukurasa wa rimoti, huku Mikiko na Chizuru wakitazama uso wake.

"Nani amechora hili jiwe?" akauliza.

"Mimi, mama," Chizuru alisema.

"Dogo. Achari haikandamizwi na kijiwe kama yai la kuku. Watu wataiga hiki, majani yao yataoza, halafu watasema ni mimi niliyewafundisha."

Kwa hiyo alijua ni yeye. Mikiko akasogea karibu. "Mama, watu wanakisoma hiki mahospitalini. Wanakucheka."

"Wanacheka sana?"

"Sana."

"Mimi pale stesheni nilikuwa nawachekesha ili wanunue. Hawa wananunua nini?"

"Hawanunui kitu, mama. Chizuru anawapa bure."

Setsuyo alishusha miwani akamtazama mkwe wake kwa huruma. "Bure kabisa? Maskini. Nilimwambia Yasuhiko, huyu msichana hana akili ya biashara." Kisha akairudisha miwani akafungua ukurasa mwingine, na kwenye kisa cha soksi alizoivalisha sanamu ya hekaluni akatoa kicheko kimoja kikavu, kile kile cha zamani, ambacho Mikiko hakuwa amekisikia kwa muda mrefu.

Hakuna aliyejua kama hayo yalikuwa kukubali au la. Mazungumzo yakakwama hapo. Yasuhiko akatoka uani kujifanya anapanga kuni.

Alasiri ikafika saa ya kuoga, kabla jua halijaondoka upande wa bafuni. Chizuru akamwongoza Setsuyo, na Mikiko akawafuata nyuma na taulo, akasimama nje ya mlango uliokuwa wazi kidogo. Ndani maji yalisikika, halafu sauti ya mama yake.

"Miki, maji ya moto haya. Unataka kunichemsha kama figili?"

Mikiko alifungua mdomo kujibu, lakini Chizuru alishajibu kutoka ndani. "Yamepoa sasa, mama."

"Ndiyo. Hapo hapo mgongoni. Una mikono laini wewe, Miki. Yule mkwe mikono yake kama msasa."

"Pole, mama."

"Usimwambie lakini. Atanuna."

Mikiko aliitupa taulo juu ya kikapu akaenda kusimama jikoni. Chizuru alipomaliza kumvika Setsuyo na kumlaza, alimkuta wifi yake bado amesimama pale, ameegemea sinki.

"Anakuita hivyo siku zote?"

"Bafuni tu. Kwingine ananiita 'wewe'."

"Na hayo ya msasa?"

"Hayo kila siku."

Mikiko akacheka bila kutaka, kisha uso ukamharibika, akageukia ukuta. Chizuru hakumgusa. Aliweka birika motoni, akangoja.

"Yote umechora," Mikiko alisema baadaye, bado amempa mgongo. "Mpaka soksi. Hili mbona hukulichora?"

"Nilichora."

Akaenda kabatini, akatoa karatasi moja kutoka chini ya vitambaa vya meza. Haikuwa na visanduku vinne, ilikuwa picha moja tu: mgongo wa mwanamke mzee ndani ya mvuke, na mkono unaomwagia maji. Maneno yalikuwa ya yule mzee peke yake. *Miki, umerudi lini?*

Mikiko aliisoma akaketi.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote," alisema. "Kwa nini hukuitoa?"

"Hii niliona si yangu."

"Na zile nyingine zilikuwa zako?"

"Nilidhani hivyo. Kwa sababu nilikuwepo." Chizuru akamimina chai. "Labda nilikosea, wifi. Nilichoka sana mwaka ule. Nilipochora nilipata nafuu, nilipowapa watu nafuu ikazidi. Sikufikiria zaidi ya hapo."

"Ungenipigia simu ukaniuliza."

"Ungekubali?"

Mikiko alifikiri. "Ningekataa."

Wakanywa chai. Baadaye Mikiko aliukuta ule wali wa kuchoma umepoa, akala vijiti viwili bila kuketi vizuri, akasema miso imezidi sukari.

Alipokuwa anavaa viatu ili apelekwe kwenye basi, ile picha ya bafuni ilikuwa ndani ya mkoba wake, katikati ya gazeti isikunjike. "Hii usimpe mtu," alisema. "Hata kopi usitoe. Hivyo vingine viache vilipo. Lakini lile jiwe rekebisha, ameshasema."

Chizuru alirekebisha jiwe. Ilibidi achore upya ukurasa mzima, kwa sababu jiwe kubwa lilimfunika mama mkwe mpaka kidevuni, akaona hivyo kinachekesha zaidi. Vile vijitabu vya jiwe dogo havikurudi, viliendelea kutembea huko vilikokuwa, na hapo hapakuwa na la kufanya.

Mikiko alianza kuja Jumapili moja kila mwezi, halafu kila baada ya wiki mbili. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, wala Chizuru hakungoja aombwe. Walivutana kuhusu chumvi ya supu, kuhusu madirisha, kuhusu Yasuhiko anavyonenepa. Jumapili moja ya majira ya matofaa, Mikiko alipandisha mikono ya blauzi akasema leo kuoga ni zamu yake. Chizuru alikaa jikoni na mikono mikavu, hajui aifanyie nini. Alisikia maji, akasikia sauti ya Setsuyo ikifoka, akasikia kimya.

Mikiko alitoka ameloa mpaka kiunoni.

"Ameniita Chizuru," alisema.

"Amesemaje?"

"Chizuru, unasugua kama unaosha sufuria. Miki hafanyi hivi." Alijifuta uso kwa taulo, akakaa mbele ya wifi yake, na ikawa vigumu kujua yale ni maji ya bafuni au ni nini. "Haya. Hili lichore."

"Nikitoa utakasirika."

"Litoe. Uandike na jina langu, waone ni nani aliyesugua." Akanyoosha mkono kuchukua chai ya Chizuru, akainywa yeye. "Na kopi za Nagoya usihangaike kuja nazo kwenye basi. Nitumie moja tu, nyingine nitatoa mwenyewe."