Mbao za Maua za Daktari Halomoan

Msemaji wa kampuni ya michikichi alikuwa amekalia kiti cha Tiurma, kwa hiyo Tiurma alisimama. Chumba cha habari kilikuwa na feni moja, nayo ilikuwa imeelekezwa kwa mgeni.

"Habari yako haikuwa ya haki, dada," mgeni alisema taratibu. "Umemvua mkurugenzi wetu, Bwana Halomoan, shahada yake ya udaktari wa elimu ya maji mbele ya watu."

"Chuo anachokitaja hakipo, bwana. Nilikwenda kwenye anwani yenyewe. Ni duka la matairi."

"Na visima alivyowachimbia wanakijiji? Mbona hukuviandika? Haki ina pande mbili."

"Maji ya visima hivyo ndiyo yanayowatoa watoto vidonda. Wanayanywa kwa sababu daktari wa maji aliwaambia ni salama."

Mhariri, mzee Sahat, aliyemfundisha Tiurma kazi, alikohoa. Tangazo la kampuni lilijaza ukurasa wa mwisho kila siku. Bila ukurasa huo, gazeti lao lingebaki la kufungia ndizi za kukaanga.

"Binti yangu," alisema akitazama meza, "andika kwamba tulikosea."

"Tulikosea wapi, mzee?"

"Usinitese. Andika tu."

Aliandika. Ilimuuma, ila hata kulia alichoka. Mwenye nguvu mpishe, husemwa. Hawasemi kwamba ukishampisha umwombe na radhi.

Alipofika nyumbani, ua mzima ulikuwa umejaa mbao. Mama yake alikuwa mtengeneza mbao za maua, zile kubwa za kutumia watu pongezi au pole, na hapa Medan hakuna harusi, msiba wala cheo kinachopita bila mbao hizo kupangwa barabarani, na jina la aliyezituma kwa herufi kubwa.

"Oda ya nani hii, Mama?"

Mama aliendelea kuchomeka maua ya karatasi. "Marafiki wa yule bwana. Wanampa pole kwa kusingiziwa."

"Zinapelekwa wapi?"

"Mbele ya ofisi yenu."

Tiurma aliketi juu ya ndoo. Mama naye akaacha kazi.

"Ningefanyaje, mwanangu? Ningekataa, wangempa Rosida wa mtaa wa pili. Na paa lile unaliona." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umeshaandika kwamba mlikosea?"

"Nimeshaandika."

"Basi yamekwisha. Nisaidie, mgongo unaniua."

Ubao mkubwa kuliko wote ulikuwa umeegemezwa ukutani. Jina la Halomoan lilikuwa tayari. Juu yake palibaki nafasi tupu, na chini, kwenye turubai, herufi nyekundu za neno DAKTARI zilikuwa zikisubiri.

Tiurma alipanda juu ya stuli. Mama akampa herufi moja moja, naye akazibana kwa pini, mpaka ya mwisho. Mama alirudi nyuma akatazama, macho ameyafinya.

"Hiyo ya kwanza imelala upande. Inyooshe, mwanangu, wasije wakasema hatukumheshimu."

Tiurma akainyoosha.