Samaki wa Ghuba Iliyofungwa

Tangu maji yaanze kupata joto mwaka hadi mwaka, samaki walihamia kilindini mbali na wavuvi wakawa wanarudi mikono mitupu. Nahodha, kiongozi wa wavuvi, ndiye aliyeleta wazo la kuifunga ghuba ndogo, samaki wanakotaga, mpaka vifaranga wakue. Watu walinung'unika. Dada yake, mkaushaji wa samaki, akapita nyumba kwa nyumba kuwalainisha wanawake wenzake. Tanuri lake mwenyewe likapoa, akawa anasuka mikeka ili watoto wapate chochote.

Kisha mume wa jirani yake dada akakamatwa akivua ghubani humo. Nahodha akautia moto wavu wa mvuvi huyo ufukweni mbele ya kila mtu, na dada mtu akamwambia jirani sheria ni sheria.

Asubuhi moja nahodha alimletea dada yake beseni la samaki wa kukausha. Alidai kawanunua ng'ambo. Dada akaketi kwenye kigoda, akaanza kupasua huku akiimba. Wa kwanza alijaa mayai. Wa pili vivyo hivyo. Akainua mashavu yao: mekundu kabisa kama ya samaki aliyevuliwa alfajiri, na ng'ambo ni mwendo wa kutwa nzima. Wimbo ukamkatika.

Alimkuta kaka yake akiziba ufa kwenye mashua.

"Hawa umewatoa ghubani."

Nahodha hakukana. "Nisipovua mimi, atavua mwingine."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoifunga."

"Nimewalaza wanangu njaa kwa neno lako, kaka."

"Basi yaishie hapa. Mimi na wewe ni damu moja."

Dada alijitwika beseni, akaenda moja kwa moja kwa jirani, akalitua mlangoni na kueleza yote. Jirani akamuuliza kama kweli hakuwa akijua. Dada akaapa hakujua. Jirani akaingia ndani, akamwacha mlangoni na beseni lake.

Mkutano wa kijiji ulimvua nahodha uongozi, na wanawake wakaanza kuilinda ghuba kwa zamu. Nahodha akahamisha familia yake bila kuaga. Samaki walipoanza kuonekana tena, habari zikafika kuwa huko alikohamia amechaguliwa kuwafundisha wavuvi namna ya kutunza mazalia, na kwamba anasifiwa sana kwa maneno yake mazuri.

Dada alikuwa akichochea moto. Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho, akasingizia moshi.