Sikio Lililobaki Juu ya Maji

Muuza mkaa anadai yeye ndiye aliyeliona lile sikio kwanza. Anasema siku ya ubatizo alikuwa amesimama juu ya gunia lake, anachungulia juu ya ukuta wa kanisa, na yule binti fundi cherehani ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia kwenye tanki. Mchungaji alishachoka mkono. Akamzamisha binti kiubavu, akamwinua. Sikio la kushoto halikuguswa na tone la maji. Muuza mkaa anasema alipaza sauti: "Mchungaji, sikio hilo! Umeliacha!" Lakini mchungaji hakumsikia, kwa sababu muuza mkaa hajaokoka.

Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Mtu akishatoka kwenye tanki la kanisa lile, hakuwasikia tena wasiookoka. Aliona midomo yao ikifunguka na kufungika, basi. Wakimwandikia, karatasi aliiona nyeupe. Wapendwa, kama waliookoka walivyoitana, walizoea. Walinunua kwa wapendwa wenzao, wakaajiriana, wakaoana. Upande wa pili hakukuwa na shida, kwani mtaa mzima uliwasikia wao mchana kutwa kupitia vipaza sauti vya juu ya paa.

Binti alirudi kibarazani kwenye cherehani yake akiwa bado anasikia pande zote mbili. Mtaa ukampa jina la Nusu Lita.

"Nusu Lita, mwambie mama yako gunia lake limefika," muuza mkaa alimwambia. "Nimemwita asubuhi nzima, ananitazama tu kama picha ya ukutani."

"Nitamwambia, baba."

"Na mwambie amependeza."

"Hilo simwambii."

Ila kazi yake kubwa ilikuwa kumsikia kaka yake. Kaka alihudumia kaunta ya baa, na mama hakuwa amesikia sauti yake tangu aokoke. Jumapili jioni kaka alikuja, akakaa kizingitini, akishika tumbo.

"Mwambie mama uvimbe umekua. Watanipasua Alhamisi. Hospitali ya hapa imejaa, nitapelekwa nyingine, na Jumatano mchana ndio wataniambia ni ipi. Wanataka ndugu wa kukaa na mimi wodini, la sivyo hawanipokei. Namwomba mama aje."

Binti aliyarudia yote. Mama aliendelea kuchambua mchele.

"Nitakwenda," alisema. "Akishajua ni wapi, aje aseme."

"Nimekusikia, mama," kaka alisema, na binti akalirudia hilo pia.

Jumatatu kanisa lilianza semina juu ya Mkristo na jirani yake. Wazee wa kanisa waliona binti ana kipawa. Wakamtuma nje akusanye maswali ya mtaa, kwa kuwa majibu yalikuwa yameshaandaliwa. Alishinda kwa muuza mkaa mpaka alasiri. Jioni akasimama mbele.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Wanauliza kama vipaza sauti vinaweza kupunguzwa. Babu wa nyumba ya nyuma anakata roho, na hasikii wanawe wakimuaga."

"Hawajauliza kuhusu uzima wa milele?" aliuliza mzee wa kanisa.

"Bado. Wameuliza kuhusu mtaro. Kila tukibatiza, maji ya tanki yanaingia vyumbani kwao."

"Na dhambi? Hakuna aliyeuliza kuhusu dhambi?"

"Muuza mkaa ameuliza. Anataka kujua kama kumsalimia yeye ni dhambi, au mmemnunia tu."

Mzee wa kanisa alipekua majibu yake, akapekua tena, hakukuta linalofaa. Mama mchungaji akasema kwa upole kwamba hayo si maswali, hayo ni manung'uniko, na kwamba dunia inapenya kanisani kupitia sikio hilo. Ikaamuliwa lizamishwe Jumatano asubuhi.

"Naomba tungoje Ijumaa, mchungaji," binti alisema. "Kaka yangu anapewa jibu la hospitali Jumatano. Asiposikika, atakwenda peke yake."

"Maji yameshajazwa, mwanangu. Yakikaa mpaka Ijumaa yataota mbu."

Binti akamwangalia mama yake kwenye benchi la pili.

"Nusu nusu si wokovu," mama alisema. "Na huyo kaka yako tutaelewana tu. Nimemzaa mimi."

Cherehani aliyoshonea ilikuwa ya kanisa, na kibaraza pia. Binti akaketi.

Jumatano wazee wawili walimshika mabega, na mchungaji akabonyeza kichwa upande wa kushoto, bila haraka, mpaka mapovu yakaisha. Alipoinuka, alimwona muuza mkaa juu ya ukuta, mdomo wazi. Mzee wa kanisa akazibua tanki. Maji yakashika mtaro kuelekea nyumba za nyuma.

Kaka alikuja alasiri na mfuko wa nguo, beseni na chupa ya chai. Gari la baa, lile la kubebea kreti, lilikuwa linamngoja barabarani. Akasimama mlangoni, akasema maneno mengi, kisha machache.

"Anasemaje?" mama aliuliza. Furushi lake lilikuwa tayari mapajani.

"Sijui, mama."

"Muulize ni hospitali gani."

"Kaka, ni hospitali gani?"

Kaka alijibu. Akarudia polepole, kama mtu anayefundisha mtoto kutamka. Akaonyesha barabara kwa kidole, na mama akasema upande huo kuna hospitali tatu. Kaka akachukua chaki ya fundi mezani, akaandika ubaoni mwa mlango. Mlango ukabaki vile vile.

"Si uende naye tu, mama?"

"Nipande gari la baa, mchana huu, wapendwa wote wanaona? Tena sijui hata linanipeleka wapi?"

Labda dereva alikuwa anapiga honi, maana kaka aligeuka kutazama nyuma, akageuka tena. Akaweka beseni chini. Akamnyooshea mama mkono, akasema neno moja, fupi.

Mama aliutazama mkono. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimeshika fundo la furushi.

"Msikilize vizuri," alimwambia binti yake. "Msikilize, halafu uniambie."