Dirisha la Joubert Park

Asubuhi hiyo Joséline alikuwa anapiga pasi sketi ya shule, jua la Januari limeshaanza kuichoma Troyeville, simu ikalia. Yaya wake, yaani dada mkubwa, kutoka Amerika.

"Weye mtoto, huku tunakufa na baridi!" Yaya Victorine alicheka, meno yanagongana. Mwaka wa pili huu anaishi kule, mji mdogo wa wavuvi kando ya bahari. "Mvua inashuka, ikigusa kitu inakuwa barafu. Miti imeangukia nyaya, umeme hakuna. Mashua zote bandarini zimevaa kioo. Ezéchiel wangu analia tu, vidole kama samaki wa friji."

"Makaa hamna?"

"Yapo ya kuchomea nyama, hapo nje."

"Sasa yaya, na wewe! Ingiza ndani, kama mbabula yetu ya Joubert Park, lile jiko la makaa. Ziba mlango na blanketi, mlale."

"Eish! Kumbe nililea mwenye akili. Haya, huku ni usiku, ngoja nimwashie mwanangu."

Joséline alienda shule anatabasamu peke yake. Yeye ambaye darasani hafungui mdomo, leo amemfundisha mkubwa.

Saa nne, mwalimu wa sayansi akawa anaeleza habari za moto. Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichozibwa, akasema, yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki.

Joséline akaacha kuandika. Kile chumba chao cha zamani cha Joubert Park kilikuwa na dirisha bovu, kioo kimevunjika. Kila msimu wa baridi mama alilaani lile tundu, analiziba na plastiki, upepo unaing'oa. Kumbe ndilo lililokuwa linawaamsha kila asubuhi.

Simu zote zilifungiwa kwenye droo ya mwalimu. Ni kuinua mkono tu. Akaangalia migongo ya wenzake, wale wanaocheka Kiingereza chake, na mkono ukabaki mezani. Dakika ishirini na tano mpaka kengele.

Alipoipata simu akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena. Akaandika:

"Yaya toa moto nje. Fungua dirisha. Amka yaya. Nilikosea."

Jioni mama akarudi kutoka saluni, hata mkoba hajauweka chini, akauliza, "Victorine amesemaje leo?"

Kwenye ujumbe wa Joséline tiki ilikuwa bado moja, haujafika.