Nafasi ya Jina

Mwaka wa pili wa Uhuru, kampuni moja ya santuri kule Nairobi ilimpandisha cheo Risper Kageha, mpiga taipu wake kwa miaka sita, ikamfanya msimamizi wa nyimbo zote za magharibi ya nchi. Wenzake walimpongeza kwa ncha ya ulimi. Mwenye kampuni naye hakumficha kitu. Alitaka santuri moja ya kuuzika kabla ya Pasaka. Akiikosa, Risper angerudi kwenye taipu yake na nyimbo za magharibi zingeachwa kabisa.

Risper alijua pa kwenda. Tangu utotoni alikuwa akisikia sifa za Shitanda wa Malava, mpigaji wa litungu, kile chombo cha nyuzi saba, ambaye arusi isiyokuwa naye ilihesabiwa kuwa ni chai tu na mandazi. Akakodi ukumbi Kakamega mjini, akaja na Barnaba, fundi wa mitambo, na kwa kuogopa kikohozi na vigelegele akamtoa nje kila mtu aliyemfuata mzee. Hata mkewe Shitanda alifungiwa nje, na alilalamika mlangoni kwa muda mrefu.

Mzee aliimba vizuri, kisha akanyamaza ghafla. Nyuzi zikaendelea peke yake kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili, ndipo sauti ikarudi. Ikawa hivyo mara nne katika wimbo mmoja. Barnaba alimkonyeza Risper kwamba mzee amesahau maneno.

Shitanda alikuwa na majivuno ya kumtosha yeye na kijiji kizima, na swali la Risper lilimuudhi. Alieleza kwamba penye sherehe, akifika mahali pale pa wimbo hunyamaza ili mtu aliye mbele yake ajitaje, yeye na baba yake. Kisha humjibu kwa wimbo: nimekusikia, na baba yako namjua. Leo jibu ameliimba, lakini watu wamefukuzwa, sasa nani angejitaja?

"Mimi siimbiangi mashine," alisema. "Mashine haina baba. Nimewaachia watu nafasi yao."

Mwenye kampuni alipoisikiliza kanda hiyo Nairobi, aliitisha wembe. Alisema mnunuzi akisikia vile atadhani santuri ni mbovu na atairudisha dukani. Barnaba akate zile nafasi nne, aunganishe, wimbo uende mbio kama nyimbo nyingine. Risper alijikuta akibisha, na hata yeye hakujua alikuwa akitetea nini. Akapewa sahani moja ya majaribio ya santuri hiyo, isiyokatwa, na siku za kufikiri. Jumatatu apige simu aseme kata, au aseme usikate na abebe msalaba wake mwenyewe.

Alikwenda Malava kumwomba Shitanda ruhusa ya kukata, maana kusema kweli alikuwa amekwisha kukubali moyoni. Kazi ilikuwa tamu, na taipu alikuwa ameichoka. Mzee hakumkaribisha hata kiti. Alimwambia jambo moja tu, akarudi kukaza nyuzi zake.

"Ipeleke pahali sijulikani, uwachezee. Wakikosa kuelewa, kata."

Ndiyo sababu Jumapili ile Risper alifika Mautuma na gramafoni ya betri. Shamba la mzungu la pale lilikuwa limegawanywa mwaka uliotangulia, na watu walikuwa wametoka kila upande, huyu hamjui yule. Wenyewe waliitana kwa namba za vipande walivyopewa. Mwanamke aliyemsaidia kuweka gramafoni juu ya magunia, ndani ya ghala la mahindi, alikuwa Navalayo, mjane, lakini kila aliyeingia baada ya ibada alimwita Kumi na Sita. Jirani yake alikuwa mtu mrefu mwenye kofia, aliyesimama karibu na mlango bila kuzungumza na yeyote. Huyo aliitwa Kumi na Saba.

Risper akaweka sindano. Litungu likalia, watu wakatabasamu. Nafasi ya kwanza ikafika, na kila mtu akaitazama gramafoni. Ikapita tupu. Ya pili nayo ikapita tupu, na mtu mmoja akauliza kama betri zimekwisha. Risper aliona aibu, na chini ya ile aibu, kitulizo. Kesho angesema kata, na mambo yaishe.

Ikaja ya tatu. Navalayo, aliyekuwa akipepeta maharagwe kwenye uteo, alisema bila kuinua kichwa, kama mtu anayejisemea, "Navalayo, wa Khisa."

Na sahani ikamjibu. Nimekusikia, ilisema, kwa sauti ya Shitanda mwenyewe. Nimekusikia, na baba yako namjua.

Uteo ulimtoka Navalayo mikononi. Hakuna aliyecheka. Risper alikuwa ameuandika wimbo huu kwa taipu neno kwa neno, na hakuwahi kuusikia mpaka dakika ile.

Nafasi ya nne ilichukuliwa na watu watatu kwa mpigo. Wakamwomba arudishe sindano, akarudisha, na wimbo ulipoanza upya walikuwa wamejipanga wenyewe, wazee mbele. Walijitaja, wakawataja baba zao, waliozikwa Maragoli, Kabras na Bunyore, ambao makaburi yao wameyaacha mbali, na kila mmoja alijibiwa. Wengine walilia wazi. Alikuwa anarudisha sindano mara ya nane au ya tisa wakati yule mtu wa mlangoni alipovua kofia na kusogea mbele. Nafasi ilipofika alisema polepole, jina lake na la baba yake:

"Kiplagat arap Rono."

Sahani ikamjibu kama ilivyowajibu wengine. Yeye, mtu wa kabila jingine, hakuielewa lugha ya wimbo. Akamgeukia jirani yake.

"Imesema nini?"

"Imesema imekusikia," Navalayo alimwambia. "Na babako inamjua."

Kiplagat alisimama pale, kofia kifuani, mpaka wimbo ukaisha. Kisha Navalayo akamsogezea gunia akae, akamwita kwa jina.

Jumatatu asubuhi Risper alisimama posta ya Kakamega, simu ikiwa sikioni. Alisema usikate. Mwenye kampuni akamkumbusha, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba kwenye zile nafasi hakuna mtu anayeimba, na kwamba Risper mwenyewe anaijua bei ya neno hilo.

"Wako watu pale," Risper alisema. "Mimi nimewasikia."

Aliulizwa ni akina nani hao. Karani wa posta alikuwa akimwonyesha saa, na nyuma yake foleni ilikuwa ikinung'unika. Risper akashika mkonga wa simu kwa mikono miwili na kuanza kuwataja, mmoja mmoja, na baba zao.